Wasifu wa wakili: kisa kimoja kutoka Njiro hadi Machame

Wakili mmoja wa Arusha alifariki Jumanne alfajiri, akiwa na miaka sitini na kitu. Ofisi yake ilikuwa mjini, nyumba yake Njiro, na mahali pa kaburi lake palijulikana siku zote: kihambani (shamba la ukoo) kwa baba yake, Machame. Kufikia saa nne asubuhi turubai lilikuwa limeshafungwa, kamati ya mazishi imeundwa, na siku ya kuzika imepangwa kuwa Jumamosi. Watu waligawana kazi: usafiri, chakula, jeneza, kaburi, mweka hazina. Wasifu wa marehemu ukakumbukwa Jumatano jioni, mambo mengine yote yakiwa yamekwisha kupata mwenyewe, na ukapewa mpwa wake kwa hoja moja tu, kwamba ni mwalimu.

Majina yameachwa na baadhi ya tarehe zimesogezwa ili familia isitambulike. Kazi ya uchambuzi huu ni kueleza jinsi karatasi ile ilivyoanza vibaya na jinsi ilivyonyooshwa. Makosa yaliyotokea pale hutokea karibu kila msiba wa mtu aliyekuwa na ofisi, na ya msiba wa wakili yana uzito wa ziada.

Rasimu ya kwanza

Mpwa alifanya ambavyo wengi wangefanya. Alikaa na binti wa pili wa marehemu, akauliza "baba alikuwa mtu wa namna gani?", akaandika alichoambiwa. Alhamisi asubuhi alikuwa na maneno kama 1,900. Zaidi ya nusu yalikuwa elimu na kazi. Ukurasa mzima ulikuwa ugonjwa: hospitali ya kwanza, ya pili, vipimo, majibu yaliyochelewa. Familia ilipata aya moja, nayo ilisema marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu, baba mwema na mume mwenye upendo, na kwamba pengo lake halitazibika.

Aya hiyo haina uongo. Shida yake ni kwamba ingeweza kusomwa kwenye kaburi lolote kati ya Hai na Rombo bila kubadilishwa neno. Sentensi inayomfaa kila marehemu haimkumbuki yeyote. Wakili huyu alijulikana na kila aliyemzunguka kwamba familia ndiyo ilikuwa nguzo ya ratiba yake, na hilo ndilo lililokosekana kwenye karatasi.

Sababu yake ni kwamba maisha ya wakili yamekatwa vipande viwili na kila kipande kina shahidi wake. Nyumbani wanajua alirudi saa ngapi, alikula nini na alimwimbia nani, lakini hawajui aliapishwa uwakili mwaka gani wala alisimama mahakama gani. Ofisini karani anajua kila tarehe ya kesi kwa miaka mingi, lakini hajawahi kuulizwa lolote kuhusu watoto wa bosi wake. Mwandishi akihoji upande mmoja tu, upande wa pili utajazwa na sifa za kawaida na fununu za mtaani. Alhamisi hiyo ndipo karani alipoitwa, na kazi ikaanza upya.

Miaka isiyopangika

Jambo la kwanza lilikuwa tarehe ya kuzaliwa. Zilipatikana tatu. Kitambulisho cha taifa kilisema 1 Januari 1957. Cheti cha kidato cha nne kilitaja 1957 bila siku. Daftari la ubatizo la usharika, ambalo katibu alilifungua kwa simu moja tu ya shangazi, lilisema alizaliwa Juni 1956 na kubatizwa Agosti mwaka huohuo. Tarehe ya 1 Januari kwenye vitambulisho vya wazee wa rika lake ni ya kawaida sana: mtu alijua mwaka tu, au alikadiriwa, na mwandikishaji akaweka siku ya kwanza ya mwaka. Daftari la ubatizo lina nguvu zaidi kwa sababu liliandikwa miezi miwili baada ya tukio, si miaka hamsini na zaidi.

Hapa kuna mtego. Kaka mkubwa wa marehemu alitaka tarehe "isahihishwe kila mahali", mpaka kwenye cheti cha kifo. Alishauriwa asifanye hivyo, na ushauri ulikuwa sahihi. Kifo husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, na taarifa yake inatakiwa kutolewa ndani ya siku 30. Cheti hicho kitapelekwa benki, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na kwenye shauri la mirathi, na kote huko kitalinganishwa na kitambulisho. Kikitofautiana, familia itakuwa inaapa viapo vya kuoanisha majina na tarehe mpaka mwakani. Kwa hiyo wasifu ulichukua Juni 1956, nyaraka za serikali zikabaki na 1957, na sababu ikaandikwa kwenye karatasi moja iliyowekwa ndani ya faili la nyumbani. Kwa majina, msimamo uligeuka: wasifu ulifuata mpangilio wa majina ulio kwenye hati za nyumba na kitambulisho, hata kama kijijini aliitwa kwa jina la ukoo tu.

Jambo la pili lilimtia mpwa wasiwasi zaidi. Marehemu alisoma Ilboru kidato cha kwanza hadi cha nne, 1971 hadi 1974, akaenda Tabora kwa kidato cha tano na cha sita, akamaliza 1976. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza 1980. Miaka mitatu na ushee haina maelezo. Vijana wa familia walidhani alifeli, na rasimu ya kwanza ilipita hapo kimyakimya, ikaandika "baadaye alijiunga na Chuo Kikuu". Mzee yeyote wa rika lile angewaambia kwa sentensi moja: aliyemaliza kidato cha sita wakati huo alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na baada ya Azimio la Musoma la 1974 hakuingia chuo kikuu moja kwa moja, alitakiwa kwanza kufanya kazi, kwa kawaida miaka miwili, na kupata mapendekezo ya mahali alipofanyia kazi. Marehemu alikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma Tanga. Hapohapo Tanga, ilibainika, ndipo alipokutana na msichana muuguzi ambaye sasa alikuwa mjane wake. Pengo ambalo familia ilitaka kulificha ndilo lililobeba mwanzo wa ndoa.

Wanaoandika wasifu wa watu waliozaliwa miaka ya hamsini na mapema miaka ya sitini wasiogope mapengo ya aina hii. Kabla ya kuyaruka, yalinganishwe na historia ya nchi: JKT, Azimio la Musoma, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kulikowaacha watumishi wengi wa Arusha bila kazi. Mara nyingi jibu limo humo.

Kiapo na mahakama

Rasimu ilisema marehemu "alikuwa wakili kwa miaka 39". Mpwa alihesabu tangu shahada ya 1983. Uwakili hauhesabiwi hivyo. Mtu huwa wakili siku anapoapishwa na jina lake kuingizwa kwenye orodha ya mawakili, na kila aliyeingizwa ana namba yake. Kabla ya Shule ya Sheria kuanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, njia ilikuwa shahada, kisha mafunzo ya vitendo, kisha usaili. Marehemu alikuwa Wakili wa Serikali kwanza, akaapishwa 1988, akafungua ofisi yake binafsi 1990. Kwa hiyo: Wakili wa Serikali tangu katikati ya miaka ya themanini, wakili aliyeapishwa tangu 1988. Kwa msikilizaji wa kijijini tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mawakili waliokuja na majoho yao kumsindikiza mwenzao, kosa la miaka mitano lingesikika kama mtu kukosea jina la marehemu.

Rafiki mmoja alileta kumbukumbu kwamba marehemu aliapishwa "mbele ya Jaji Mkuu Samatta". Haiwezekani kwa 1988: Jaji Mkuu wakati huo alikuwa Francis Nyalali, aliyeshika nafasi hiyo tangu 1977 hadi 2000, Barnabas Samatta alimfuata. Rafiki hakudanganya. Alichanganya hafla mbili. Njia rahisi ya kunasa makosa haya ni kuandika mbele ya kila mwaka jina la mtu au chombo kilichokuwepo na kuuliza kama vinakutana.

Kwa njia hiyohiyo yaliondolewa mambo mengine mawili. La kwanza ni simulizi tamu kwamba mwaka 1994 alisimama Mahakama ya Mwanzo kumtetea mjane aliyenyang'anywa kihamba na mashemeji zake. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo miaka ile. Karani alifafanua: marehemu alimwandikia mama yule hoja zake kwa mkono, kwa Kiswahili chepesi, akamfanyisha mazoezi ya kujibu maswali ofisini jioni mbili, na mama akasimama mwenyewe. Ukweli ulikuwa mzuri kuliko chumvi. La pili ni sifa kwamba "alifanya kazi na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda", ile iliyokuwa AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Kwenye mafaili kulikuwa na mikataba ya upangaji tu: alikuwa akiwaandikia wenye nyumba wa Njiro waliowapangisha watumishi wa mahakama ile. Kazi halali na yenye kipato, ila si ya kutangaza kaburini.

Yasiyosemwa

Mtoto wa baba mdogo alisisitiza wasifu utaje kesi kubwa ya mpaka ambayo marehemu aliishinda kwa niaba ya jirani. Alisahau kwamba aliyeshindwa naye ni jirani, na angekuwa amekaa mstari wa tatu chini ya turubai lilelile.

Hilo ni la busara tu, lakini lipo la sheria pia. Siri ya mteja haifi na wakili. Sheria ya Ushahidi inamkataza wakili kutoa alichoambiwa na mteja bila ridhaa yake, na katazo hilo linaendelea hata baada ya kazi kwisha. Familia haijaapa kiapo cha uwakili, lakini karani anayewapa habari anazijua kwa sababu ya ofisi ile, na heshima ya marehemu iko hapo. Kanuni iliyotumika ilikuwa nyembamba na ikatosha: itajwe kesi ambayo hukumu yake imechapishwa na iko wazi kwa umma, jina la marehemu likionekana humo kama wakili, na isihusu ndoa, watoto, wala makosa ya kujamiiana. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana TanzLII, tovuti ya bure ya sheria na hukumu. Unatafuta jina la wakili, unasoma nani alimwakilisha nani. Karani na mpwa walipata kadhaa. Iliyotajwa mwishoni ni moja, kwa nusu sentensi. Mengine yaliachiwa mwakilishi wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika, TLS, aliyepewa dakika tano zake na ambaye, kwa makubaliano, angesema ya kazi ili wasifu ubaki na ya nyumbani. Mgawanyo huo usipofanywa mapema, waombolezaji husikia shule zilezile mara tatu: kwenye wasifu, kwa TLS, na kwa mwakilishi wa wanafunzi wa zamani.

Ugonjwa nao ulipunguzwa. Kutoka ukurasa mzima ulibaki sentensi mbili: aliugua kwa muda gani, alifariki wapi na lini. Lawama kwa hospitali zilifutwa zote. Kama familia ina malalamiko, yana njia yake na ushahidi wake, na kipaza sauti cha msibani si mojawapo.

Daiari thelathini na tatu

Karani alipoulizwa swali tofauti na lile la "alikuwa mtu wa namna gani", ndipo wasifu ulipopata mwili. Aliulizwa: siku gani bosi wako hakukubali kupangiwa kesi?

Kila wakili ana daiari ya mahakama. Ndani yake huandikwa namba ya shauri, majina ya wadaawa, mahakama, na kinachofanyika siku hiyo: kutajwa, kusikilizwa, uamuzi, hukumu. Hakimu akiuliza "tarehe fulani inakufaa?", wakili hufungua daiari. Marehemu alizitunza zote tangu 1990, moja kwa kila mwaka, kwenye boksi la karatasi za kuchapia. Na ndani ya kila moja kulikuwa na siku zilizozungushiwa wino mwekundu na herufi moja pembeni. Karani alijua maana yake miaka yote, hakuna aliyewahi kumuuliza. Herufi ilikuwa ya jina la mtoto. Siku yenyewe ilikuwa ya wazazi kutembelea bweni, au ya kufunga shule, au ya kipaimara. Siku hizo wakili alikuwa akimwambia hakimu, "Mheshimiwa, tarehe hiyo nina shauri jingine." Karani alicheka alipolieleza hilo, kisha akanyamaza.

Kitu kingine kilichoonekana kwenye daiari ni Desemba. Mapumziko ya Mahakama Kuu huanza 15 Desemba hadi 31 Januari. Mawakili wengi huyatumia kusafisha mafaili na kukimbiza madai ya ada. Kwenye daiari zake, wiki tatu kuanzia tarehe 16 zimepigwa mstari mmoja wa mshazari na neno moja: Machame. Wachaga wengi hupanda nyumbani Desemba, hilo halina ajabu. Ila yeye alikuwa akipanda kabla ya foleni za tarehe 23, na mjane akaeleza sababu: alitaka kupata siku za kukaa na mama yake peke yake kabla nyumba haijajaa.

Watoto nao waliulizwa maswali ya namna hiyohiyo. Jumapili saa kumi na mbili jioni baba alikuwa wapi? Nani alisaini ripoti za shule? Nani alifunga mlango usiku? Majibu yalikuja na vitu, si sifa. Mtoto aliyetaka ruhusa ya safari ya shule alitakiwa kuandika hoja zake kwenye karatasi, na baba alizijibu kwa maandishi, kwa sababu na sahihi. Rufaa zilisikilizwa na mama, na baba alishindwa mara nyingi. Mjane alithibitisha hilo la rufaa, ndipo likaingia.

Aya iliyosomwa Jumamosi ilikuwa hivi:

"Katika daiari zake za mahakama, tangu mwaka 1990, siku za kuwatembelea watoto shuleni zimezungushiwa wino mwekundu. Siku hizo hakukubali kesi. Nyumbani, mtoto aliyeomba ruhusa aliandika hoja, na baba alijibu kwa maandishi. Aliyekataliwa alikata rufaa kwa mama. Kumbukumbu za nyumba zinaonyesha kuwa mama alitengua maamuzi mengi."

Watu walicheka chini ya turubai, mawakili kuliko wote. Hakuna mahali panapotaja neno upendo.

Orodha ya watoto

Sehemu hii huandikwa kwa mistari miwili na kuleta ugomvi wa miaka kumi. Rasimu ilisema marehemu "ameacha mjane na watoto wanne". Shangazi aliisoma Alhamisi usiku, akaikunja, akaenda jikoni kwa mjane. Hakulipeleka kwenye kamati, na hapo alionyesha hekima. Kulikuwa na binti Moshi mjini, aliyezaliwa kabla ya ndoa, ambaye marehemu alimsomesha na ambaye mjane alimjua.

"Wifi, yule binti wa Moshi tunamwandikaje?"

"Mwandikeni kwa umri wake."

Kwa umri wake alikuwa wa kwanza. Kijana mkubwa wa ndoa, aliyezoea kuitwa mzaliwa wa kwanza, alikasirika, akataka binti aandikwe mwisho, au aandikwe na maelezo ya mama yake. Baba mdogo alimweleza mambo matatu. Moja, orodha ya majina si mgawo wa mali. Mbili, Sheria ya Mtoto ya 2009 haimnyimi mtoto haki kwa sababu wazazi wake hawakuoana, kwa hiyo kumficha hakumpunguzii kitu. Kunaongeza tu mashaka. Tatu, na hili ndilo lililomtuliza, baada ya mazishi kutakuwa na kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hicho utataja warithi wote. Mahakamani, muhtasari wenye watoto watano na kijitabu cha mazishi chenye wanne ni karatasi mbili za familia moja zinazopingana, na mtu yeyote mwenye nia mbaya anaweza kuzileta pamoja.

Majina matano yakaandikwa kwa umri, bila maelezo yoyote ya mama. Maneno kama "mtoto wa nje" hayana kazi kwenye wasifu. Pale ambapo uzazi wenyewe unabishaniwa na hakuna anayeweza kuthibitisha usiku huo, njia salama ni kuacha idadi: "ameacha mjane, watoto na wajukuu." Ni sentensi butu, lakini haimhukumu mtu.

Orodha hiyo hutumika mara ya pili, jambo ambalo wengi husahau. Mshereheshaji huita watu kuweka mashada kaburini kwa kufuata orodha yake mwenyewe, aliyoandaliwa na mtu mwingine wa kamati. Hapa pia orodha ya mashada ilikuwa bado na watoto wanne Ijumaa mchana. Iligunduliwa kwa sababu binti wa pili aliomba kuona kila karatasi yenye majina: wasifu, ratiba, mashada, na tangazo la redio. Hizo nne ndizo za kulinganisha.

Dakika kumi

Usharika ulitoa dakika kumi kwa wasifu. Msomaji wa msibani, kwa sauti ya kusikika na pumziko la hapa na pale, husoma kiasi cha maneno 90 hadi 100 kwa dakika. Maneno 1,900 yangekuwa dakika ishirini. Nakala ya mwisho ilikuwa na maneno 780, dakika nane, na mbili zikaachwa kwa machozi. Mgawanyo wake: kuzaliwa na wazazi maneno 80, elimu na miaka ya Tanga 150, kazi 130, ndoa na nyumbani 300, kanisa na kijiji 70, ugonjwa na kifo 50. Kaka mkubwa alilalamika kwamba elimu imefupishwa. Alikuwa na haki ya kulalamika. Shule zilikuwa nzuri.

Msomaji alichaguliwa mpwa, si mtoto. Mtoto wa marehemu anayeng'ang'ania kusoma hukatika aya ya pili, na anayepokea karatasi katikati hajui alipoishia. Nakala ya kusomea ilichapwa kwa herufi kubwa, ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zimewekwa namba, miaka imeandikwa kwa maneno ("elfu moja mia tisa themanini na nane"), na nakala ya pili akashika binti wa pili aliyesimama nyuma yake.

Kijitabu kilikuwa A4 zilizokunjwa kuwa A5. Kurasa za kijitabu cha kukunja huenda kwa nne: nne, nane, kumi na mbili. Familia ilikuwa na kurasa tisa, ikabidi picha tatu ziondolewe ili zibaki nane. Picha za zamani zilileta shida nyingine. Picha ya harusi ya 1986 ilikuwa imepigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ikafika dukani ikiwa imeminywa, na sura zilichapwa kama zimefunikwa na ukungu. Ilibidi albamu yenyewe ipelekwe duka la stesheneri, picha iskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi. Kama albamu iko mbali, basi picha itumwe kama faili la waraka, isitumwe kama picha. Na nakala ya kwanza ichapwe moja tu, isomwe na watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti majina yote, ndipo mia tatu zingine zifuate. Hapa ilinaswa herufi iliyokosewa kwenye jina la mjukuu.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tangazo la mistari minne, wazo la karani: wateja wenye mashauri ofisini wawasiliane na ofisi kwa namba ileile. Sababu yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Wakili aliyefanya kazi peke yake akifa, uwakilishi wake umekoma. Karani hawezi kusimama mahakamani, na mteja lazima achague wakili mwingine. Mashauri yalikuwa yamepangwa Jumatatu na Jumatano iliyofuata. Barua ya taarifa ya kifo ilipelekwa kwa msajili na mahakimu Ijumaa, ili shauri lisije likafutwa kwa kutohudhuria. Mafaili hayakukabidhiwa kwa ndugu yeyote, hata yule aliyesema marehemu alikuwa anamdai mteja fulani. Na fedha zilizokuwa kwenye akaunti ya wateja si mali ya mirathi.

Daiari zilikuwa swali la mwisho. Watoto walizitaka zote, na ungewaelewa. Lakini kila ukurasa una majina ya wateja na mashauri yao. Wakili rafiki aliyekubali kusimamia ufungaji wa ofisi alizibakiza kwenye kabati la ofisi, akamruhusu karani atoe nakala za kurasa zenye duara jekundu, majina ya wadaawa yakiwa yamefunikwa kwa karatasi kabla ya kunakiliwa. Kila mtoto alipewa bahasha ya kurasa zenye herufi yake. Binti wa Moshi alipata zake pia. Herufi yake inaanza kwenye daiari ya 1997, mwaka alioingia kidato cha kwanza.

Jiwe la kaburi liliwekwa mwaka uliofuata. Fundi alipewa maandishi yaliyochapwa, yenye sahihi ya mjane na ya kaka mkubwa, mwaka wa kuzaliwa ukiwa 1956, na akaambiwa asipokee mabadiliko yoyote kwa simu.